Vigae Vinavyosema: Chungu cha Kilungu, Kaure ya China na Msikiti wa Shanga



Sifa zote njema zinamstahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, nakuomba kabla hujaendelea ufanye jambo moja dogo. Inuka uende jikoni. Kama umefunga usionje kitu, tazama vyombo tu.

Unaona nini? Sinia ya kufuturia. Sahani. Birika. Bilauri. Sufuria. Na kama nyumba yenu ina bahati, kwenye kona kuna chungu au mtungi. Sasa yatazame majina yenyewe. Sahani, birika, bilauri na sufuria ni maneno yaliyotujia kwa njia ya Kiarabu. Sinia nayo ni Kiarabu, lakini ndani yake kuna jina la nchi ya Sin, yaani China. Meza wanayoandalia wakubwa imeletwa na Wareno. Lakini chungu? Kinu? Mwiko? Jiko lenyewe? Hayo ni ya kwetu, ya Kibantu, hayakushuka kutoka jahazi lolote.

Yaani cha kupikia ni chetu, na cha kuandalia kimetoka mbali. Likumbuke hilo, maana tutalikuta tena tukianza kuchimba ardhi.

Kosa nililolifanya nikiwa na miaka 10

Mimi ni Mkamba wa Kilungu, kwenye vile vilima vya Makueni, karibu na Nunguni. Baba alisilimu akiwa utingo wa lori la Mombasa kabla mimi sijazaliwa, nami nikasomeshwa madrasa mjini Emali. Susu, yaani bibi yangu mzaa baba, yeye hakusilimu. Susu ni mfinyanzi. Alifinyanga tangu usichana wake, na vyungu vyake viliuzwa sokoni kila wiki.

Siku moja ya likizo nilifika kwake nina kiu, akanichotea maji kwenye chungu chake. Nikakataa. Nikamwambia mbele ya watu kwamba siwezi kunywa maji ya chungu kile kwa sababu vyungu vya namna ile hutiwa pombe, na sisi Waislamu vyombo vyetu ni vingine. Ustadhi hakunifundisha hivyo. Nilisikia nusu ya somo, nusu nyingine nikajitungia mwenyewe.

Susu hakunijibu. Aliyamwaga yale maji kwenye mti wa mwembe akaingia ndani.

Nikuache hapo kwanza. Nitarudi kwa susu, lakini kwanza tuzunguke dunia kidogo, maana ilinibidi niende chuo kikuu kusoma historia ndipo nijue nilimkosea nini mwanamke yule.

Jahazi lililozama na mpingo wetu

Mwaka 1982 mpiga mbizi mmoja wa Uturuki, mtafuta sponji baharini, aliona vitu vya ajabu chini ya maji mahali paitwapo Uluburun. Wataalamu wakaanza kuchimba mwaka 1984 hadi 1994. Lilikuwa jahazi la biashara lililozama yapata mwaka 1300 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.). Lilibeba tani 10 za shaba, lilibeba kioo, pembe za ndovu na meno ya kiboko. Lilibeba pia mitungi ya nchi ya Sham yenye utomvu wa miti, na mitungi mikubwa kutoka Kupro. Ndani ya baadhi ya mitungi hiyo mikubwa walipanga mabakuli madogo, kama vile mama anavyopanga vikombe ndani ya ndoo siku ya kuhama.

Kwa vyombo vya udongo namna hiyo wanahistoria wanajua kwamba Misri, Sham, Kupro na Ugiriki ya kale zilikuwa zikibadilishana bidhaa na hata michoro. Nguo huoza. Chakula huliwa. Chuma huliwa na kutu, na dhahabu huyeyushwa ikawa pambo jingine. Lakini chungu kikishavunjika, kigae chake hakina faida kwa mtu yeyote, basi kinaachwa palepale, miaka 1,000, miaka 3,000. Ndiyo maana nasema vigae vinasema.

Lakini sikia hili. Ndani ya jahazi lilelile kulikuwa na magogo ya mti mweusi. Yalipochunguzwa yakaonekana ni mpingo! Mti wa Afrika, uliopitia Misri mpaka bahari ya Kati. Ni mti uleule wanaouchonga Wakamba wenzangu hadi leo, kazi iliyoenea Ukambani baada ya Mutisya Munge wa Wamunyu kujifunza uchongaji Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa hiyo usifikiri kwamba dunia ya kale ilikuwa huko na sisi tulikuwa huku tumelala.

Vigae vya Warumi Unguja

Katika karne ya 1 baada ya Nabii Isa (a.s.), mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyeandika Kigiriki alieleza safari za pwani yetu, akaiita Azania. Anataja soko liitwalo Rhapta. Anasema wageni walileta mikuki, mashoka, visu na vyombo vya kioo, wakaondoka na pembe za ndovu, pembe za vifaru na magamba ya kasa.

Kwa muda mrefu watu walikuwa na maandishi hayo tu. Kisha mtaalamu wa Zanzibar, Abdurahman Juma, akachimba Unguja Ukuu, kusini mwa kisiwa, na mwaka 1996 akatangaza kwamba amepata vigae vya enzi za mwisho za Warumi, vya karne ya 5 hivi. Vyombo vya ulimwengu wa bahari ya Kati, hapa kwetu, zaidi ya miaka 100 kabla ya Mtume (s.a.w.) kupewa utume. Bila shaka mkononi mwa mtu wa Unguja wa wakati huo kilikuwa bakuli tu, la kuandalia wageni.

Je, Waswahili walitoka nje?

Hapa ndipo penye mgogoro, ndugu msomaji. Zamani watafiti wengi waliamini kwamba miji ya pwani ilijengwa na wageni kutoka Uarabuni na Uajemi. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa na Manda katika miaka ya 1960, alikuwa na maoni hayo. Sababu ilikuwa nini? Vyombo. Waliona mitungi yenye rangi ya feruzi kutoka Iraq na Ghuba, waliona mabakuli ya Kiajemi yaliyokwaruzwa maua, waliona kaure ya China. Wakasema: penye vyombo vya wageni ndipo palipokaa wageni.

Wewe hebu jiulize. Leo ukichimba jalala la Nunguni utapata beseni na thermosi za China tele. Je, utasema Nunguni ilijengwa na Wachina?

Baadaye wakaja wengine waliohesabu vigae vyote, siyo vile vizuri tu vya kuweka kabatini. Mark Horton alichimba Shanga, kisiwani Pate, kuanzia mwaka 1980. Alikuta kwamba katika tabaka za mwanzo, za karne ya 8, vyombo vya nje havifiki hata kimoja katika kila kumi. Vilivyobaki ni vyungu vya kienyeji, vilivyofinyangwa kwa mkono na kuchorwa pembetatu shingoni kwa ncha kali. Na vyungu vya namna hiyo havikuwa vya Shanga peke yake. Vimepatikana kuanzia Lamu hadi Msumbiji, na bara pia, hata Dakawa kule Morogoro.

Nao hawakuzuka tu. Mwaka 1966 Robert Soper alichimba Kwale akapata vyungu vya wakulima na wafua chuma wa karne ya 3 hivi. Vyungu vya aina hiyo vimeonekana pia Taita, Upare na Usambara. Pwani na bara walikuwa wakifahamiana zamani sana, kabla ya neno “mbara” kuwa tusi.

Sasa ngoja nikuambie lililonitoa machozi darasani. Chini ya msikiti wa Ijumaa wa Shanga, Horton alikuta msikiti mwingine, na chini yake mwingine tena. Ule wa chini kabisa ni alama za miti tu ardhini: kibanda kidogo cha miti, mwishoni mwa karne ya 8, yaani karne ya 2 ya Hijra. Huo ni miongoni mwa misikiti ya kale kabisa inayojulikana upande wetu huu wa Afrika. Na watu walioswali pale walikula katika vyungu gani? Vyungu vilevile vya mkono vyenye pembetatu. Hawakuacha vyungu vyao walipopokea dini. Waliacha ibada zao za zamani, chungu wakabaki nacho.

Kaure kwenye makaburi na vidaka

Simaanishi kwamba wageni hawakuja. Walikuja, wakakaa, wakaoa, na bidhaa zao zikapendwa. Al-Mas'udi alifika pande hizi mwaka 916 akaeleza jinsi pembe za ndovu zilivyokwenda Oman, kisha India na China. Ibn Battuta alipita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, akawasifu watu wa Mombasa kwa uchaji wao, na akaona misikiti yao iliyojengwa kwa mbao kwa ustadi. Mwaka 1415 watu wa Malindi walipeleka twiga China! Mwaka 2010 watafiti wa Kenya na China waliokota sarafu ya mfalme Yongle huko Mambrui, na mwaka 2013 nyingine ikapatikana Manda.

Lakini tazama Waswahili walivyoitumia kaure hiyo. Hawakuiga tu. Walizipachika sahani na mabakuli kwenye nguzo za makaburi, kama Mambrui na Kunduchi. Walizitia chini ya birika la msikiti. Huko Pate na Lamu walijenga vidaka ukutani, safu kwa safu, vyombo vya kaure vikapangwa humo, na shairi la Al-Inkishafi la Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir linavitaja vidaka hivyo likituonya jinsi fahari ya dunia inavyokwisha. Mchina aliyefinyanga bakuli la kulia mchele hakuwahi kuota kwamba litapamba kaburi la Muislamu wa Kiafrika. Kitu kilikuwa cha kigeni, na maana yake ikawa ya kwetu.

Ukipata nafasi tembelea makumbusho ya Fort Jesus, Mombasa. Utaona vyombo vilivyotolewa kwenye jahazi la Wareno, Santo Antonio de Tanna, lililozama mbele ya ngome mwaka 1697 na kuchimbwa kuanzia 1977. Simama pale na watoto. Waulize: hiki kilitoka wapi? Kilikuwa kinakwenda kwa nani?

Na sisi wa Ukambani?

Utasema, haya ni ya pwani, Kilungu inaingiaje? Inaingia kwa miguu. Wakamba walikuwa wasafiri wakubwa wa biashara. Katika karne ya 18 na ya 19 misafara yao ilishuka na pembe za ndovu hadi Rabai na Mombasa, safari ya wiki kadhaa, ikapanda na nguo, shanga, chumvi na nyaya za shaba. Kivui wa Mwendwa wa Kitui alikuwa tajiri wa misafara hiyo. Mwaka 1849 alimpokea mmishonari Krapf kule Kitui, na mwaka 1851 akauawa safarini karibu na mto Tana. Wakamba wengine hawakurudi, wakajenga huko pwani, na wapo mpaka leo.

Kisha ikaja reli, iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Ukitoka Kilungu ukashuka barabara ya Mombasa utapita mji uitwao Sultan Hamud. Umewahi kujiuliza jina hilo? Ni la Sayyid Hamud bin Muhammed, Sultani wa Zanzibar kuanzia 1896 hadi 1902. Jina la Unguja liko katikati ya Ukambani, na abiria wanalitaja kila siku wakidai chenji kwa kondakta.

Ila chungu hakikusafiri sana na misafara. Ni kizito, na kikianguka ndio basi. Ushanga na nguo vilibebwa na wanaume kwenda mbali, vyungu viliuzwa na wanawake kwenye soko la karibu. Susu anasema zamani bei ya chungu ilikuwa nafaka ya kukijaza. Ndiyo maana jina la Kivui limeandikwa vitabuni, na wafinyanzi wote wale hatuna hata jina la mmoja wao.

Mwaka 2023 ulitolewa utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, waliozikwa katika miji ya pwani kati ya mwaka 1250 na 1800. Ilionekana kwamba wengi wao wana asili mbili. Asili ya Asia, hasa Uajemi, iliingia zaidi kwa upande wa baba, kuanzia yapata mwaka 1000. Asili ya Kiafrika ilitoka zaidi kwa mama.

Sasa rudi jikoni kwako. Sahani, bilauri, birika: kwa baba aliyekuja na jahazi. Chungu, kinu, mwiko: kwa mama aliyekuwepo. Vigae vilikuwa vimeshasema hivyo kabla ya maabara.

Chungu cha pili

Wiki mbili baada ya kumkosea, susu aliniita. Alikuwa na udongo wa aina mbili, akauponda, akauchanganya na mchanga, akaukanda. Hana gurudumu, anauzunguka udongo yeye mwenyewe, akirudi nyuma hatua kwa hatua ameinama, huku mikono ikivuta. Alianza na nusu ya juu, mdomo na shingo. Akaiacha ikauke kidogo, akaigeuza, ndipo akaifunga tako. Kabla ya kuuchoma akakwaruza mistari mitatu shingoni, alama yake. Kisha akanipa akaniambia, “Hiki hakijawahi kutiwa kitu. Ni cha maji yako ya mfungo.”

Nilikichukua bila hata kusema asante. Nilikuwa mtoto, lakini hiyo si sababu.

Baadaye sana nikasoma kisa cha sahaba Abu Tha'laba al-Khushani (r.a.), kilichomo katika Bukhari na Muslim. Alimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya kula katika vyombo vya Ahlul-Kitab waliokuwa wakiishi nao. Akafundishwa kwamba wakipata vingine watumie hivyo, na wasipopata, basi wavioshe wale. Wavioshe tu! Mimi si mufti, na mambo ya fiqhi waulize masheikh. Lakini najua hakuna aliyenifundisha kumwaibisha mama mzee mbele ya majirani kwa maji aliyonichotea kwa huruma. Na nilipoisoma vizuri Surat ar-Rahman nikaona Mola wetu ametukumbusha kwamba mwanadamu wa kwanza aliumbwa kwa udongo mkavu, mfano wa vyombo vya mfinyanzi. Hata lugha yetu inajua: kuumba ni kazi ya Mwenyezi Mungu, na kuumba vyungu ni kazi ya susu. Kikamba nacho humwita Mungu Mumbi. Neno ni moja. Na mimi nililitemea mate.

Mwaka jana nilimwomba susu msamaha. Alicheka, akasema ameshasahau. Sidhani. Vidole vyake sasa vimekakamaa, hafinyangi tena, na katika wajukuu hakuna aliyejifunza. Plastiki imejaa sokoni na ni rahisi. Siwezi kukudanganya kwamba vyungu vitarudi kama zamani.

Lakini kile cha mistari mitatu bado kipo. Kinakaa barazani, kwenye kivuli, juu ya mchanga uliolowa. Maji hupenya taratibu kwenye vitundu vidogo vya udongo, yanakauka kwa upepo, na kukauka huko ndiko kunakotoa joto ndani. Magharibi ikiingia, maji yake ni baridi ya kuvumilika, siyo ile ya friji inayouma meno. Tunafungua kwa tende na maji hayo. Susu hafungi, ila siku hizi ndiye anayetuuliza saa ngapi jua linatua.

Kwa hiyo ndugu yangu, nakuomba mambo matatu katika mwezi huu. La kwanza: kama una bibi au babu anayejua kazi ya mikono, awe Muislamu au asiwe, mwulize, na uandike anayokuambia. La pili: ukitembelea magofu kama Gedi au Shanga usiokote kigae ukakitia mfukoni. Ni kosa kwa sheria ya makumbusho ya Kenya ya mwaka 2006, na zaidi ya hapo ni kama kumng'oa shahidi ulimi. La tatu: mtu akikuambia Uislamu ni wa watu fulani na wewe wa bara umeupokea juzi, usigombane naye. Mweleze habari za kibanda cha miti cha Shanga na vyungu vya pembetatu. Kisha mkaribishe futari.

Yaliyo sawa hapa ni kwa tawfiki ya Allah, na makosa ni yangu. Wabillahi tawfiq. Ramadhan njema.